Kanisa kuu la Lubumbashi limepita karne moja: nani anapanda kutazama mnara?

Kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, katikati ya mji wa Lubumbashi, limeingia katika karne yake ya pili. Lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 na wamonaki Wabenedikto kutoka Ubelgiji, kwa matofali mekundu ya kuchoma, wakati mji wenyewe ulikuwa na miaka kama kumi tu. Wakaaji wanapita mbele yake kila siku wakienda kazini, sokoni au kwenye ofisi za serikali. Ni wachache wanaoinua macho kutazama pale juu, mahali kengele inapokaa.

Habari zinazotoka kwenye kanisa hili kwa kawaida ni za watu, si za matofali. Askofu Mkuu Fulgence Muteba, anayeongoza jimbo kuu la Lubumbashi tangu 2021, ni pia mwenyekiti wa CENCO, baraza la maaskofu wa Kongo, tangu 2024. Neno lake linasikika mpaka Kinshasa. Lakini ukuta wenye miaka mia una neno lake pia, na kwa jengo la aina hii miaka mia si uzee. Ni umri ambapo chokaa iliyoshika matofali inaanza kuchoka, mabati ya kwanza yamekwisha kubadilishwa, na wale waliojua jengo lilivyojengwa wamekufa wote.

Si kusema kwamba mnara uko karibu kuanguka. Shida ni nyingine. Katika nchi yetu, jengo linatazamwa siku limepasuka, na mnara wa kengele ndio sehemu ya kanisa ambayo watu wanaifikia kwa shida kuliko zote.

Matofali kutoka Brugge mpaka Katanga

Wamonaki waliokuja Katanga mwaka 1910 walitoka abasia ya Mtakatifu Andrea, kando ya mji wa Brugge, katika Flandre. Kiongozi wao, Jean-Félix de Hemptinne, alipewa kusimamia eneo hilo la kanisa mwaka huohuo wa 1910, mwaka ambao reli kutoka kusini ilifika na Élisabethville ikaanzishwa. Alibaki hapa mpaka kifo chake mwaka 1958.

Kule kwao Flandre mawe ya kujengea ni adimu. Udongo wa mfinyanzi ndio mwingi. Kwa hiyo toka karne ya 13 watu wa Brugge walijenga kwa matofali hata minara yao mirefu. Mnara wa kanisa la Mama Yetu unafika mita 115, karibu wote matofali. Mnara mwingine, ule wa mji, unaosimama juu ya soko, una mita 83 na ngazi 366, na ndani yake kengele 47. Ulianza kujengwa karibu na mwaka 1240. Tangu hapo umeungua mara kadhaa. Juu yake kulikuwa na kilele cha mbao. Radi ilikichoma mwaka 1493, kikajengwa tena, kikaungua tena mwaka 1741. Baada ya hapo watu wa mji waliona inatosha, wakauacha bila kilele. Leo umeinama kidogo, karibu sentimita 87, na bado watalii wanalipa kupanda.

Mtu aliyelelewa chini ya minara ya namna hiyo, akifika Katanga na kukuta udongo mwekundu kila mahali, anafanya nini? Anachoma matofali. Na Katanga ilikuwa na jambo ambalo Flandre haikuwa nalo: vichuguu. Vile vichuguu vikubwa vya mchwa vya pori letu, ambavyo vinaweza kupita mita tano kwa urefu, vina udongo laini ambao mchwa wenyewe wameuchambua. Mpaka leo watengeneza matofali wa pembezoni mwa Lubumbashi wanabomoa kichuguu, wanakanda udongo, wanapanga matofali na kuchoma kwa kuni palepale. Sehemu kubwa ya mji wa zamani na wa sasa imesimama juu ya kazi ya mchwa, ingawa hakuna sanamu ya mchwa mahali popote mjini.

Tofali la namna hiyo ni zuri lakini si gumu sana. Linakunywa maji. Lile lililokaa katikati ya tanuri linaiva vizuri. Lile la pembeni linabaki laini ndani, na kwa macho huwezi kuyatofautisha mpaka yapite miaka mingi ya mvua. Ndiyo maana katika kuta za zamani mtu anaona tofali moja limeliwa kama mkate na jirani yake yuko mzima kabisa.

Kengele ni shaba

Kengele ya kanisa ni shaba. Kwa kipimo cha mafundi wa tangu zamani, kiasi cha sehemu 78 kwa mia ni shaba na sehemu 22 ni bati. Bati ikizidi, kengele inavunjika kama sahani. Ikipungua, inatoa sauti ya sufuria. Kwa hesabu hiyo, Kongo ya mashariki ina kila kitu cha kutengeneza kengele: shaba ya Katanga, na kasiterite, madini ya bati, kutoka Manono, Maniema na Kivu. Kwa miaka yote ya ukoloni madini hayo yaliondoka kwa reli kama vipande vizito, na vyombo vilivyotengenezwa vilirudi vikiwa na bei nyingine. Hadithi hiyo haijaisha.

Kabla ya Wazungu, eneo hili lilijua shaba na lilijua kengele. Misalaba midogo ya shaba, ambayo leo inauzwa kwa watalii na kuchorwa kwenye nembo, ilizikwa pamoja na wafu katika makaburi ya Sanga, kwenye bonde la Upemba, karne nyingi kabla ya minara ya matofali ya mji huu. Katika makaburi ya Katoto, upande wa Bukama, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kengele za chuma zisizo na ulimi, zile zinazopigwa kwa fimbo kutoka nje. Katika tawala nyingi za Afrika ya kati kengele kama hizo zilikuwa chombo cha mfalme au cha mkubwa wa vita. Kwa hiyo wamonaki walipopiga kengele yao, walileta sauti mpya, lakini hawakuleta wazo kwamba chuma kikilia mkubwa anazungumza. Wazo hilo lilikuwepo.

De Hemptinne mwenyewe alipenda habari za shaba. Mwaka 1926 alichapisha maandishi juu ya wale aliowaita wakula shaba wa Katanga, mafundi wa kuyeyusha wa zamani, baada ya kuona wazee wakirudia kazi hiyo mbele yake. Wakati huo huo, kule kwenye mto Lubumbashi, tanuri za Union Minière, zilizoanza kutoa shaba mwaka 1911, zilikuwa zimefuta kazi ya wazee wale.

Kuna jambo la Flandre ambalo watu wa Lubumbashi watalitambua haraka. Katika karne ya 14 miji ile ya wafumaji nguo ilikuwa na kengele maalumu ya kazi. Ikilia asubuhi, mfumaji awe kwenye mtambo wake. Ikilia jioni, aache. Wafanyakazi waliichukia, na penye uasi kengele ilikuwa moja ya vitu vya kwanza kushikwa. Mji wetu ulipata kengele mbili za namna hiyo kwa pamoja: ya kanisa kwa ajili ya roho, na siren ya Union Minière kwa ajili ya mikono. Wazee wa Kenya na Kamalondo waliokulia katika kambi za kampuni wanajua ile ya pili ilivyopanga saa za uji, za shule na za kulala.

Minara inavyokufa

Wataalamu wa majengo ya zamani wana orodha ya vifo vya minara, na inafundisha kuliko hotuba.

Wa kwanza ni wa Venezia, katika Italia. Mnara wa kengele wa Mtakatifu Marko, wa matofali, wenye mita karibu 99, ulianguka asubuhi ya tarehe 14 Julai 1902. Kabla ya hapo wafanyakazi walikuwa wanatengeneza paa la jengo dogo lililoshikamana na mnara chini, wakaukata ukuta. Ufa ukaonekana, ukapanda siku hadi siku. Watu waliondolewa kwenye uwanja kwa wakati, na hakuna aliyekufa. Mji uliamua kuujenga upya palepale, kwa sura ileile. Kazi iliisha 1912.

Wa pili haukuwa na bahati hiyo. Tarehe 17 Machi 1989, mnara wa kanisa kuu la Pavia, pia Italia, ulioanza kujengwa karne ya 11, ulianguka bila tetemeko, bila dhoruba. Watu wanne walikufa. Uchunguzi ulionyesha kitu cha kutisha: ukuta ulikuwa na ganda la matofali nje, na ndani kokoto zilizochanganywa na chokaa. Uzito uleule, kwa karne nyingi, ulikuwa unaufinya ukuta polepole, nyufa ndogo zikikua bila kelele, mpaka siku moja ukashindwa. Serikali ya Italia iliogopa, na mwezi wa Januari 1990 ikafunga mnara ulioinama wa Pisa. Pisa haikufunguliwa mpaka Desemba 2001, baada ya wahandisi kuondoa udongo kidogo kidogo upande ambao mnara haukuinamia.

Wa tatu ni wa kwetu, Waswahili. Jumba la Beit al-Ajaib huko Zanzibar, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa na mnara wa saa uliojulikana na kila aliyefika bandarini. Mji Mkongwe wa Zanzibar uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Hilo halikutosha. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiendelea, sehemu kubwa ya mbele ikaanguka pamoja na mnara. Wafanyakazi wawili walipoteza maisha.

Katika visa hivi viwili, Venezia na Zanzibar, jengo lilianguka wakati watu walikuwa wanalifanyia kazi. Ndiyo maana fundi mwenye uzoefu anaogopa ukarabati wa haraka kuliko anavyoogopa uzee.

Maadui wa Katanga

Hapa Lubumbashi hatuna bahari inayokula mawe kwa chumvi kama Zanzibar. Tuna mvua na kiangazi. Karibu maji yote ya mwaka, kiasi cha milimita 1.200, yanaanguka kati ya Novemba na Aprili. Mwezi wa Juni na Julai hapadondoki kitu. Kwa hiyo kila mwaka ukuta unajaa maji, halafu unakauka mpaka ndani. Kuvimba na kusinyaa, kuvimba na kusinyaa, mara mia sasa. Chokaa laini ya zamani inavumilia mchezo huo, kwa sababu inapokea maji na kuyaachia. Inakufa yenyewe ili tofali lisife, na baada ya miaka hamsini au sitini unaikwangua na kuweka nyingine. Hiyo ndiyo kazi yake.

Simenti haifanyi hivyo. Na hapa ndipo hatari kubwa ilipo, kwa maana ndiyo dawa ambayo kila fundi wa mji anaikimbilia. Akiona mistari kati ya matofali imeliwa, anaijaza simenti, ukuta unapendeza, mkubwa anafurahi, picha zinapigwa. Lakini simenti ni ngumu kuliko tofali na haipitishi maji. Maji yaliyokuwa yanatoka kupitia mistari ya chokaa sasa yanatafuta njia kupitia tofali lenyewe. Baada ya misimu kadhaa ya mvua, uso wa tofali unabanduka kama ganda la karanga, na mistari ya simenti inabaki imesimama peke yake kama wavu. Makosa hayo yamefanyika dunia nzima, Ulaya kabla ya Afrika. Kwetu hakuna hata sababu ya kukosa chokaa: machimbo ya Kakontwe, karibu na Likasi, yako umbali wa saa chache kwa gari.

Adui wa pili ni mti. Ndege anakula tunda la mtini, anakaa juu ya mnara, anaacha mbegu kwenye ufa. Mti huo hauhitaji udongo. Unajitosheleza na vumbi na umande. Mwaka wa kwanza mtu anaweza kuung'oa kwa vidole viwili. Mwaka wa tano unahitaji panga. Mwaka wa kumi na tano ukiung'oa unaondoka na ukuta.

Halafu kuna radi, ambayo mtu wa Katanga hahitaji kuelezwa. Mnara unavuta radi kwa sababu ya urefu wake, na kinga yake ni waya mzito wa shaba unaoteremka mpaka ardhini. Lakini waya wa shaba, katika mji ambapo nyaya za umeme zinakatwa usiku na kuuzwa kwa kilo, ni kishawishi. Sehemu ya chini, ile ambayo mkono unaifikia, ndiyo inayopotea kwanza. Waya uliokatwa chini ni mbaya kuliko kutokuwa na waya, kwa sababu unaikaribisha radi halafu unaiacha itafute njia yake ndani ya ukuta.

Hata kengele yenyewe inachosha mnara. Ikibembea, inasukuma ukuta kushoto na kulia, na nguvu hiyo ya pembeni inaweza kupita uzito wa kengele. Ndiyo maana mafundi wa zamani hawakutundika kengele ukutani. Walijenga ndani ya mnara kiunzi cha mbao kinachosimama chenyewe na kubeba mshtuko, kama kitanda ndani ya nyumba. Siku hizi mara nyingine, mbao ikioza, watu wanaweka vyuma na kuvichomeka moja kwa moja kwenye matofali. Inaonekana imara zaidi. Kwa kweli ni njia ya kumpa ukuta kila pigo. Dalili ni rahisi: vumbi jekundu chini ya kengele baada ya misa ya Jumapili.

Ni ya nani?

Kuna Walushois ambao hawatasumbuka kwa habari hizi, na wana hoja. Kanisa hili lilijengwa katika mji wa Wazungu. Waafrika waliwekwa upande wa pili, kwenye cité Albert, Kamalondo ya leo, na katikati pakaachwa eneo tupu ili watu wasikaribiane. De Hemptinne hakuwa mgeni wa utawala ule. Alikuwa mmoja wa watetezi wake wakubwa, na rafiki wa Union Minière. Mwezi wa Desemba 1941, wafanyakazi wa kampuni walipogoma wakidai mshahara, askari waliwapiga risasi hapa mjini, na watu wengi walikufa. Kumbukumbu hiyo haina mnara unaofanana na wa kanisa.

Profesa Johan Lagae wa Chuo Kikuu cha Gent, aliyechunguza majengo ya Lubumbashi kwa miaka mingi, aliandika mwaka 2008 makala iliyouliza swali hilohilo: tunaposema urithi wa pamoja, ni urithi wa nani? Kwa upande wa Lubumbashi, Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekusanya ushuhuda wa wafanyakazi na familia zao. Kitabu kilichotoka mwaka 2010, mji ulipotimiza miaka 100, kilibeba jina la Kiswahili ndani ya kichwa chake, kwa sababu mji wa kazi uliishi kwa Kiswahili.

Kazi hiyo inasaidia kujibu. Askofu hakubeba matofali. Udongo ulichimbwa, ukakandwa, ukachomwa na kupandishwa juu na watu waliotoka Lomami, Kasai, Luapula na vijiji vya jirani, na majina yao hayakuandikwa mahali popote. Ukuta ndio karatasi yao. Mtu anayebomoa ukuta wa zamani wa Lubumbashi kwa sababu ni wa mkoloni anafuta kazi ya babu yake kwanza, na saini ya mkoloni inabaki salama katika makumbusho ya Ulaya.

Kuna pia ukweli kwamba mji umekwisha kuchagua mnara wake, na si wa kanisa. Ukimwambia mtoto wa Lubumbashi achore mji wake, atachora bomba refu la moshi la Gécamines na pembeni yake mlima mweusi, terril. Wachoraji wa mjini wamelichora bomba hilo kwa miaka, lina mita zaidi ya 150, linaonekana toka mbali. Moshi haukutoka siku zote, na siku ambazo haukutoka watu walijua kwamba kuna nyumba ambazo hazitapika.

Mlima uliokaa chini yake ni mabaki ya shaba iliyoyeyushwa kwa karibu miaka mia, na tangu mwanzo wa miaka ya 2000 unaliwa. Mabaki hayo yana kobalti, na yana germanium, madini ambayo viwanda vya dunia vinayatafuta sasa; mwaka 2024 kampuni ya STL, ya Gécamines, ilianza kupeleka germanium hiyo Ubelgiji. Kwa uchumi ni habari njema. Kwa sura ya mji, ina maana kwamba alama yake kubwa inapungua kila mwezi kwa lori. Bomba litabaki, kwa sababu ndani yake hakuna kobalti.

Sheria ipo

Kongo haikosi maandishi. Sheria-amri nambari 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali za utamaduni, majengo pamoja. Kifungu cha 46 cha Katiba kinasema kwamba Serikali inalinda urithi wa utamaduni wa taifa. Zaïre ilitia mkono mkataba wa urithi wa dunia mwaka 1974. Lakini ukifungua orodha ya UNESCO, Kongo ina mahali 5: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na mbuga ya okapi. Ni pori na wanyama. Hakuna jengo hata moja. Ubelgiji na Ufaransa, kwa upande wao, zimeingiza minara ya miji yao 56 kwa pamoja, ule wa Brugge ukiwemo.

Hakuna anayesema kanisa la Lubumbashi liende UNESCO. Urithi unaanza kwa mambo madogo, na mengi yanagharimu kidogo kuliko rangi ya Krismasi. Mifereji ya paa isafishwe kabla ya Novemba, maana maji yanayomwagika ukutani kwa msimu mmoja yanaharibu kuliko miaka kumi ya jua. Miti ing'olewe ikiwa bado midogo. Popo na ndege wafungiwe kwa wavu, maana kinyesi chao kinaoza mbao na kula chuma. Kila upande wa mnara upigwe picha mwezi uleule kila mwaka, kutoka mahali palepale, ili atakayekuja aweze kulinganisha.

Kwa ufa, kuna njia ya zamani ambayo haihitaji mashine. Unachukua kipande chembamba cha kioo, unakibandika kwa plasta juu ya ufa, unaandika tarehe. Ufa usipotembea, kioo kinabaki. Ukitembea hata kwa milimita moja, kioo kinapasuka, na hapo unamwita mhandisi. Kitivo cha Polytechnique cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina wanafunzi wanaotafuta somo la kazi ya mwisho. Mnara wa matofali wenye miaka mia, ulio umbali wa basi moja, ni maabara ambayo vyuo vingi vinatamani. Kupima urefu, unene wa kuta, aina ya chokaa, na kuchora yote hayo kwenye karatasi kungetosha kujaza miezi kadhaa. Bila michoro hiyo, siku mnara utakapohitaji kazi kubwa, atakayeifanya ataanza kwa kubahatisha, na Venezia na Zanzibar zimeonyesha kubahatisha kunaishia wapi.

Kinachobaki ni kuchagua mwezi. Mvua za mwisho zinanyesha Aprili. Kuanzia Mei ukuta unakauka, baridi ya Juni inaipa chokaa nafasi ya kushika polepole bila kupasuka, na mpaka Septemba fundi anaweza kufunga majukwaa kuzunguka mnara bila kuogopa radi.